Usiguse ya Mjapani

Jirani, ukitaka kujua Mpale yetu huku milimani ina mafundi magari wangapi, usisubiri sensa. Nunua gari. Kesho yake asubuhi watakuja wenyewe, tena hodi hawapigi. Atakuja muuza maharage. Atakuja kinyozi. Atakuja mtoto wa darasa la tatu ambaye kwao hata baiskeli hakuna. Wote watakwambia fungua boneti. Wote watainama, watanyamaza, watatikisa kichwa. Halafu kila mmoja kwa zamu yake, bila kuambizana, atasema maneno yale yale: "Mwalimu, hizi spea za Mjapani mwenyewe hizi. Usiguse."

Haya, sigusi. Lakini gari inagonga. Inavuja. Inachemsha. Mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani tu, kwa hiyo abiria akitaka kupanda lazima mimi nijipinde kutoka mbele, na mgongo huu wa mstaafu, nimfungulie. Sasa nisiguse mpaka lini?

Ngoja nikutajie mali yenyewe, usije ukadhani naringa. Carina TI ya 1998, nyeupe, namba B. Mtu wa Bongo akisikia namba B haulizi zaidi. Namba A zimebaki za kuhesabu. Namba E ni za watu wanaopandisha vioo wakitukuta tunasukuma. Sisi wa B ndio tunaosukuma. Niliinunua kwa kiinua mgongo, yaani kile kilichobaki baada ya kikokotoo kunikokotoa. Mjapani mwenyewe aliachana na Carina 2001, akaleta Allion, akaendelea na maisha yake. Mimi nikaingia wakati wenzangu wanatoka.

Aliyeniuzia alikuwa mtu wa Tanga mjini, mdomo umepakwa asali. "Mwalimu, gari hii haijaguswa. Kila kitu orijino." Dau nilipandisha mwenyewe kwa hilo neno, wala hakuniomba. Mtu akikwambia haijaguswa, wewe unasikia imetunzwa. Nani atauliza kama haijaguswa kwa sababu mwenyewe alikuwa hana hela ya kuigusa?

Basi humo ndani ya boneti ni makumbusho. Hozi ya rejeta ya juu, ya 1998, imekakamaa, ukiibonyeza haibonyei. Maunting za injini, za 1998. Altenata, ya 1998. Shokapu za nyuma zilivuja mpaka zikaacha kuvuja, si kwamba zimepona, mafuta yameisha. Na bushi za mikono ya chini, jirani, lala chali uzitazame: zimepasukapasuka kama kisigino cha babu yangu aliyepanda mlima huu miaka yote na mkungu wa ndizi kichwani. Kila nikikanyaga jiwe zinasema "ngwee". Na barabara ya kushuka kutoka huku juu mpaka lami ina mawe kuliko wapiga kura. Kwa hiyo ni ngwee, ngwee, ngwee mpaka Korogwe. Walioko shambani wananijua kwa sauti. Hawainui hata kichwa. Wanasema tu, "Mwalimu anashuka," wanaendelea kupalilia.

Fundi wangu ofisi yake iko chini ya mparachichi. Vifaa vyake ni spana namba kumi, spana namba kumi na mbili, nyundo, na imani. Imani yenyewe ni kwamba orijino iliyochoka ni bora kuliko mpya ya Kichina. Nilimwonyesha zile bushi. Akaingia uvunguni, akazipapasa, akafumba macho.

"Imechoka, Mwalimu. Sikatai. Lakini imechoka Kijapani."

Nikaridhika! Niulize kwa nini, sijui. Nikarudi nyumbani kifua mbele nikamwambia mke wangu kwamba bushi zetu zimechoka Kijapani. Akaniangalia. Akaendelea kuchambua mchele.

Na cha ajabu, fundi huyo huyo wa usiguse ndiye aliyekuwa wa kwanza kugusa. Kuna siku gari ilichemsha kwenye kona za kupanda, nikiwa na abiria wa kulipa, wale ambao trafiki akiuliza ni wajomba zangu. Mvuke, harufu, puu. Wajomba wakashuka wakaondoka na nauli zao. Fundi akaitwa. Akatazama kidogo, akatangaza hukumu: "Themostati. Hiki kidude ni cha nchi za baridi, Mwalimu. Sisi nchi yetu ya joto, huwa tunakitoa."

Jirani, huyu mtu anasema nchi ya joto amevaa sweta. Juu ya sweta, koti. Kichwani mzula. Ni mwezi wa saba, ni Mpale, ni saa nne asubuhi na ukungu bado haujatuachia, mbuzi wa jirani namsikia lakini simwoni. Akakichomoa kile kidude, kina namba na maandishi yake, orijino kuliko mimi na yeye, akakirusha migombani. Usiguse ya Mjapani ikaishia hapo. Na mimi nikamlipa.

Tangu siku hiyo injini asubuhi haitaki kupata moto. Inakunywa petroli ya mtu mwenye mshahara. Hita, kitu pekee nilichokuwa nakifaidi huku milimani, inanipulizia baridi miguuni. Aliyekuja kunieleza ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa dereva wa malori, mtoto niliyekuwa namchapa kwa hesabu za kugawanya. Akanieleza polepole, kwa ile ile sauti niliyokuwa naitumia mimi darasani.

"Mwalimu, themostati inazuia maji yasipite kwenye rejeta injini ikiwa ya baridi. Joto likifika nyuzi themanini na kitu, inafungua. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini haifiki kwenye joto lake, kompyuta inadhani bado asubuhi, inazidisha mafuta. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana.

"Rudia."

Nikarudia. Nikakosea. Watoto wa kijiweni wote wanasikiliza.

Tena kilichoichemsha gari wala haikuwa themostati. Ilikuwa kofia ya rejeta. Ile raba yake ya ndani imekufa. Kazi ya kofia ni kubana presha, na presha ikiwepo maji yanachelewa kuchemka. Raba ikifa, presha inapotea, maji yanachemka mapema, na huku juu mlimani ndiyo kabisa. Kofia, jirani! Kitu cha kutosha kiganjani. Nilikuwa naiangalia kila asubuhi. Nilikuwa naifuta vumbi.

Ukitaka ushauri kijiweni kwetu hukosi, unakosa unaofanana tu. Kuna mzee mmoja yeye hoja yake ni reli. "Mgosi, reli ya Tanga kaijenga Mjerumani, imefika Mombo 1905. Iko pale. Nani kaigusa?" Mimi nimefundisha Maarifa ya Jamii maisha yangu yote, nikataka kusema kwamba treni ya mizigo ya kwenda Moshi ilipotea miaka mingi, ikarudi 2019, tena baada ya njia kukarabatiwa, yaani imeguswa sana. Lakini mzee akishasema Mjerumani hapo kijiweni mjadala umefungwa. Kahawa yenyewe kanunua yeye.

Upande wa pili yupo kijana mwenye Probox anayebeba ndizi. Huyo hana dini ya orijino. Bushi ikifa ananunua ya bei ya chini kuliko zote, ikifa hiyo ananunua nyingine. Kila masika yuko uvunguni. Anasema ni mahesabu: ya OG, yaani orijino, ni bei ya zile za Kichina tatu, na OG nayo akiifunga leo, mawe yetu hayasomi boksi. Nikamsikiliza, nikaona ana hoja. Nikamsikiliza mzee, nikaona ana hoja. Mimi tatizo langu anayezungumza wa mwisho ndiye mwenye hoja.

Ningeendelea hivyo mpaka leo kama si mama mkwe.

Alikuja kutusalimia, namrudisha Korogwe. Amekaa nyuma, mapajani kapu, ndani ya kapu kuku wa zawadi. Tunashuka. Kona za mwanzo breki ipo. Kona zilizofuata breki inapatikana ukiitafuta. Baada ya hapo pedali inakwenda chini laini, haina mwenyewe. Nikaanza kupampu. Sasa mtu na mkwe wake, jirani, si unajua heshima zetu. Huwezi kupiga ukelele kwamba mama tunakufa. Unakanyaga huku unatabasamu.

"Mkwe, mbona unakanyagakanyaga hivyo? Kuna mdudu?"

"Ndiyo, mama. Kuna mdudu."

"Mkubwa?"

"Wa kiasi, mama."

Kuku ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alipoanza kelele, mama mkwe akasema nisimame kidogo anyooshe miguu. Nikamwambia tutasimama hapo mbele, maana uamuzi haukuwa wangu. Tulisimama kwenye tuta la shamba la mtu. Mlango wa nyuma nilishakwambia kwa ndani unafunguka vizuri. Akashuka, akaweka kapu kichwani, hakusema neno, akaanza kutembea. Mimi nikarudisha gari barabarani, nikaweka gia kwenye ile herufi L, ambayo siku zote nilidhani ni ya wanaojifunza kuendesha. Kumbe ndiyo gia ya kushukia mlima, injini yenyewe inashika gari. Nikamfuata nyuma, taa zimewaka, taratibu. Hakugeuka. Alinitangulia mpaka kwenye lami. Wapita njia walikuwa wanasimama pembeni na kuvua kofia, wakidhani ni msiba.

Mke wangu habari zilimfikia kabla sijarudi. Sitaki kuzungumzia chakula cha jioni ile.

Mwanafunzi wangu akaja tena kufundisha. Mafuta ya breki, akasema, yananyonya unyevu kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Ukishuka mteremko mrefu breki zikipata moto, unyevu unageuka mvuke, na mvuke ukiubana unabanika tu, hausukumi kitu. Juu ya hapo, hozi zenyewe za breki ni mpira, umri wa mwanangu wa mwisho, ukikanyaga zinavimba badala ya kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Vyote orijino. Vyote havijaguswa. Akanipa somo la nyumbani: niende Korogwe mjini nikanunue hozi mpya.

Dukani nikamkuta dada mmoja, kalamu sikioni, hana haraka. Nyuma yangu foleni, vijana wa bodaboda watupu.

"Karibu baba. Gari gani?"

"Carina."

"Carina ipi?"

"Nyeupe."

Foleni ikacheka. Sikuona cha kuchekesha. Gari ni nyeupe.

"Chesisi namba?"

"Sikuja nayo."

"Chesisi haiji, baba. Iko kwenye kadi." Kadi ninayo kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa ndani, mfuko una kifungo. Dakika za aibu zile hazihesabiki. Akaisoma, akaandika, akainua macho. "Hozi ya mbele au ya nyuma?"

"Zote."

"Tuanze na mbele. Kulia au kushoto?"

Hapo ndipo nikauliza swali ambalo naona ni la busara kabisa. "Kulia kwangu, au kulia kwa gari?"

Alivuta pumzi. Akazunguka kaunta. Akaweka stuli katikati ya duka. "Kaa hapa, baba. Umekaa kwenye gari. Shika usukani." Nikakaa. Nikashika usukani wa hewa, mtu mzima, mjukuu ninaye. "Sasa mkono wako wa kulia, inua." Nikainua. "Hiyo ndiyo kulia." Kijana mmoja wa bodaboda kwenye foleni akapiga honi kwa mdomo.

Kisha akapanga maboksi juu ya kaunta. Hii OG. Hii OG kopi. Hii Taiwan. Hii ya kawaida. Nikauliza ya kawaida ya wapi. "Ya kawaida tu, baba." Maboksi yote mekundu na meupe, yote yana maandishi ya kutia moyo. OG ina kibandiko kinachong'aa ukikigeuza, na ile kopi nayo ina kibandiko kinachong'aa ukikigeuza. Kukamata bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, kwa hiyo angalau sheria ni orijino. Mimi niligeuza vile vibandiko mpaka nikasikia kizunguzungu. Dada akanionyesha cha kutazama: namba ya spea iliyo kwenye boksi lazima ilingane na ile inayotakiwa na chesisi yako. Boksi linaloandika tu kwamba linafaa Toyota zote, kimbia.

Nikainua macho juu. Kwenye waya vinaning'inia vitu vyeusi. "Na zile?"

"Mtumba. Eksi Japani. Zimetolewa kwenye gari."

"Gari za mwaka gani?"

"Za kwenu hizo hizo, baba. Tisini na saba, tisini na nane."

Fuatilia hapa, jirani. Nina mpira wa 1998 kwenye gari. Nautoa kwa sababu ni wa 1998. Nalipa hela. Nafunga mpira wa 1998. Kijana mmoja nyuma yangu akanisaidia: "Lakini huo, mzee, ulikaa Japani. Haujaona mashimo." Nikaona ina mantiki! Nikaanza kuhesabu hela. Dada akanirudishia mkono wangu.

"Nisikilize, baba. Cha chuma, nunua mtumba, hakuna neno. Cha mpira usinunue mtumba. Mpira unazeeka hata ukining'inia hapa hapa dukani. Joto linaula, hewa inaula, mafuta yakiugusa ndiyo usiseme. Haujali umetembea kilomita ngapi. Na kingine, acha kuniuliza orijino, orijino. Jiulize hiki kikifa nitakuwa wapi. Breki, usukani, boljointi, tairi, hivyo vikifa na wewe unakufa, nunua kipya cha kueleweka. Bushi ikifa unapata kelele. Mlango ukifa unapata aibu."

Aibu nilikuwa nayo tayari. Nikanunua hozi za breki mpya, zote, na kofia ya rejeta, na themostati, na mafuta ya breki. Yeye mwenyewe akatoka nje kuiona gari. Akainamia tairi la akiba. "Hizi namba nne za mwisho hapa unazijua?" Nikasema najua, ni namba ya mali. Zilikuwa 2210. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2010. Tairi langu la akiba, tegemeo langu, nililokuwa nasema halijatumika hata kidogo, lilikuwa linazeeka gizani muda wote huo, ubavuni lina nyufa.

Njiani nikirudi nikawa nalalamika moyoni. Kule Ujerumani gari ikifikisha miaka 30, ikiwa katika hali yake ya asili na imetunzwa, inapewa namba yenye herufi H mwishoni, ya magari ya kihistoria. Herufi ya heshima! Carina yangu inafikisha 2028. Huku kwetu gari ikizidi miaka kumi forodha inakuongezea ushuru wa uchakavu, na ukishaingia nayo mtaani watoto wanakuongezea majina. Jirani yetu Kenya yeye ikizidi miaka minane hataki hata kuiona bandarini. Na hata wenye Land Rover, waliojazana Arusha Oktoba 2024 kwa tamasha lao, gari za shamba na mbuga zimepangwa foleni mpaka mji ukasimama, wanaojisifu kwamba chuma chao hakifi: baadhi yake fungua boneti uone. Utakutana na injini ya Isuzu, au ya Toyota. Chuma ni Mwingereza, moyo Mjapani, na mwenyewe amevaa fulana imeandikwa Land Rover kifuani. Mimi nikibadili hozi nne naonekana nimeuza urithi.

Fundi alipoona maboksi alinuna. Akafunga hozi, akatoa mafuta ya zamani, yametoka meusi, akajaza mapya, breki ikasimama juu, ngumu, naijua sasa breki ni nini. Nikadhani yamekwisha. Kumbe imani yake imegeuka. "Mwalimu, kwa vile umeshaanza kugusa, tuguse zote." Akaanza na altenata. Imechoka. Nikamkumbusha kwamba imechoka Kijapani. Akasema kuchoka kwa umeme ni tofauti. Akanitafutia nyingine, mtumba, chuma hiyo, nikakumbuka maneno ya dada, nikalipa. Ile ya zamani akasema ataniondolea bure, nisipate tabu ya kuitupa. Nikamshukuru! Nikamwongezea ya soda.

Hazikupita wiki nyingi betri ikaanza kulala. Asubuhi ukiwasha inasema "tik". Ikanilaza barabarani, mvua inanyesha, nikasimamisha gari ya kwanza iliyopita. Alikuwa jamaa mmoja wa kijiji cha pili, na yeye Carina, tena imepauka kuliko yangu. Mtu mwema. Akatoa waya za kubustia, akafungua boneti. Nikainama. Na pale, jirani, nikaiona. Altenata. Imefungwa kwa waya wa bluu nilioufunga kwa mkono wangu ilipokuwa kwenye gari yangu, fundo langu mwenyewe, fundo la kufungia kuni.

"Naona altenata nzuri," nikasema.

"We acha tu, Mwalimu! Orijino ya Mjapani. Fundi kanipa kwa bei ya ushkaji. Anasema imetoka kwenye gari ya mstaafu mmoja huko juu, hakujua thamani yake."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mvua inanyesha. Waya zake ndizo zinazoniwashia gari. Nikasema, "Wastaafu wengine, bwana." Tukacheka wote wawili, yeye zaidi. Akaniwashia kwa umeme wa altenata yangu, akaniambia nikishuka Korogwe nimpitie huyo fundi, ni mtu mwaminifu sana.

Sasa limebaki moja linalonikosesha usingizi, mkanda wa taimingi. Injini hizi mkanda ni wa mpira, na kawaida hubadilishwa kila kilomita laki moja. Mita yangu inasoma 84,000. Tatizo ni kwamba ilikuwa inasoma hivyo hivyo siku naichukua Tanga. Mwanafunzi wangu anasema nibadili kesho asubuhi. Mzee wa kahawa anasema Mjerumani. Kijana wa Probox anasema nisubiri ukatike, ukikatika gari si itasimama yenyewe? Mke wangu anasema niuze gari tununue ng'ombe, ng'ombe hana orijino wala kopi. Nilikwenda mwenyewe kufungua kile kifuniko nichungulie, bolti ya kwanza ikakatika, ya 1998 nayo, nikafunika boneti nikaenda kunywa chai.

Jana usiku simu ikalia, ujumbe wa fundi. Amepata mkanda. Orijino kabisa, Mwalimu, eksi Japani, mtumba wa uhakika, umetoka kwenye Carina ya 98, haujaona mashimo. Nitume hela, na ya kutolea.

Ya kutolea nimemtumia. Hiyo nyingine bado nafikiria.